Kiti ya Kuume

Mwene-Ditu, tarehe 6 ya mwezi wa tatu 1994

Papa mudogo Athanase,

Nakusalimia weye na mama Hortense na wote benye kulala mu ile nyumba ya Shituru. Sisi huku tuko bazima, wembamba kidogo. Nkambo Orpha anakohoa lakini anagombana na kila muntu, kwa hiyo tunajua mama yako iko na nguvu. Mama yangu anauzisha mihogo ku gare ya train. Minye nafundisha batoto ba mwaka wa pili. Bazazi banatulipa na mahindi, siku yenye mahindi iko. Hapa bantu banatucheka juu ya Kiswahili yetu, eti sisi ba Katanga. Kule balitufukuza eti sisi ba Kasai. Weye mwenye ulibakia utuambie sisi ni banani.

Sasa maneno yenyewe. Nkambo anataka kuzika papa. Anasema hawezi kufa mbele mutoto yake apate shimo. Bazee ba hapa banasema kama maiti haiko, muzike mugomba. Katekista anasema mugomba haujabatizwa. Balibishana mupaka nkambo akachoka, akasema: "Mutoto yangu Cyrille alipotea mu ndeke yenye ilianguka, basi muzike ndeke." Na wote bananiangalia minye, juu papa alinifundishaka kutengeneza bindeke ya bati, bandugu yangu banaume bakicheka.

Itazikwa Siku ya Bafu, ile ya kuombea marehemu, mwezi wa kumi na moja. Nje iko karibu tayari: bati ya mikebe ya maziwa, mabawa ya mbao ya sanduku. Kijiti moja ya kiberiti naihesabu sawa metre moja, njo kipimo yangu. Lakini ndani, papa mudogo. Macho ya nkambo imeisha; sasa anaonaka na kidole. Alisema ataingiza kidole mu mulango, ashike usukani, ashike biti ya kukalia, ashike mutoto yake pale alikaa. Kidole ikikuta utupu, hatakubali kilio iishe, na mama atabakia mu nguo nyeusi.

Minye sikuingia mule hata siku moja. Weye ulikuwa unashonaka biti yake. Niambie: rangi gani, na nini iko upande gani?

Mutoto yako,
Marcelline


Likasi, tarehe 2 ya mwezi wa tano 1994

Marcelline, mama yangu mudogo,

Barua yako ilifika imelowa. Ule muntu ya train aliibeba pamoja na samaki, nikaisoma na pua mbele ya macho. Tunaamuka, tunamushukuru Mungu. Hortense anasalimia. Courant ya umeme ya Koni inakuya, inaenda, sawa mugeni mwenye haya. L'usine, kiwanda yetu, iko kimya, na banaume banatembea mu barabara kila siku sawa vile ni dimanche, siku ya misa. Biti ya kushona nitaitoa wapi? Mu train yenyewe bantu banasimama. Unaniuliza muko banani. Minye niko hapa juu bibi yangu Hortense, muntu ya hapa, alisimama ku mulango na mwiko ya kusonga bukari mu mukono, akaambia bale bavijana benye kufukuza ba Kasai bapite yeye kwanza. Kama ile ni kabila, basi njo yangu.

Nilicheka juu ya kijiti ya kiberiti. Minye kwa hiyo ni kijiti moja na nusu na kichwa. Hortense anauliza tumbo yangu umeihesabu na nini.

Kidole moja haiuwe chawa, kwa hiyo sikiliza. Chini ni bati rangi ya majivu. Kuta ni rangi ya majani, ile majani ya giza sawa sombe ya mihogo yenye imelala. Mbele iko tablo nyeusi, na masaa ya duara yenye mishale nyeupe, na juu kabisa boussole ya kuonyesha njia, sawa kifuniko ya chupa. Usukani ni mbili, zinafanana na pembe ya mbuzi. Katikati iko mikono ya kusukuma, moja yake nyekundu. Nyuma haina kiti, ni nafasi ya mifuko na kamba tu. Kiti ya kushoto, ya Commandant Osée mwenye kuendesha ndeke, ni ngozi nyeusi, ilipasuka pembeni. Ya kuume ni turubai ya kahawia, uzi mara mbili, mugongo yake inainama kidogo. Hii ya kuume naijua zaidi, juu niko naikalia sasa hivi nikiandika. Ilibakia kwangu, nikaiwekea miguu ya mbao. Hortense anaitaka jikoni na minye nakataa.

Muntu ya train anakuletea kichupa. Ni unga ya malakiti, jiwe ya rangi ya majani, jirani aliitoa ku mugodi ya Kamatanda, nikaisaga mu kinu mupaka Hortense akaninyima kinu yake. Changanya na gundi, utapata ile majani yenyewe. Usilambe burashi, ni sumu.

Papa yako mudogo,
Athanase


Mwene-Ditu, tarehe 19 ya mwezi wa sita 1994

Papa mudogo,

Tuko. Mvua iliisha, mavumbi ilianza, nkambo anakohoa zaidi. Anasema umwambie Hortense achunge ile mwiko, azikwe nayo.

Kichupa ilifika. Mara ya kwanza nilichanganya na maji ya yai, juu gundi haikukuwa. Ikakauka vizuri, ikapasuka yote sawa tope ya muto, na nkambo akauliza yai yake ilienda wapi. Nikakwangua. Mara ya pili nilitumia gundi ya muti, kidogo kidogo, nikapakala na nywele yangu mwenyewe nimefunga ku kijiti. Papa mudogo, ilikuwa nzuri mupaka nikaita mama. Aliangalia, akasema ndiyo, rangi ya majani ilikuwa ile. Nikaona machozi kwake.

Niko na shida mbili. Moja ni masaa ya tablo. Nikijaribu kuandika mishale nyeupe juu ya nyeusi, inakuwa matone sawa mavi ya kuku. Unajua namna? Na bioo ya dirisha ya mbele nitaitoa wapi?

Ya pili, kiti ya kuume. Niliuliza mama papa alikaa namna gani, nipate kukunja muntu yake ya waya. Mama alisema alimuona na macho yake, asubuhi ile: amekaa mbele, ku kiti ya kuume, kiwiko ku dirisha, akapunga mukono. Nikauliza alivaa shati gani. Mama akasimama, akasema anaenda kuangalia mihogo ku moto. Mihogo haikukuwa ku moto.

Nitamufanya na kiwiko ku dirisha, ama ulisikia namna ingine?

Marcelline


Likasi, tarehe 5 ya mwezi wa nane 1994

Marcelline,

Hatujambo. Hortense alipanda mahindi mupaka ku mulango ya choo. Joto inakaribia.

Masaa: unafanya kinyume. Kwanza pakala nyeupe, uiache ikauke kabisa. Nyuma pakala nyeusi juu, nyembamba. Kamata sindano, ukwangue mishale. Nyeupe iko chini inangojea, weye unaifungulia tu. Njo tulikuwa tunaandikaka namba ku biti ya wagon.

Bioo: nakutumia kifua yangu. Ni filme ya radio, picha ya ndani ya mwili, yenye balinipiga mwaka wenye nilikohoa damu. Ioshe na maji ya majivu, usugue polepole, weusi yote itatoka, itabakia safi. Kata na makasi. Mapafu ya Athanase njo itakinga upepo.

Juu ya kiti ya kuume, uiache kwanza. Maliza upande ya kushoto. Mama yako alisema kweli kuume? Mbele, haiko nyuma ku mifuko? Labda ulisikia mubaya. Bantu benye huzuni banachanganyaka upande.

Tusalimie wote. Karatasi imeisha.

Athanase


Mwene-Ditu, tarehe 28 ya mwezi wa nane 1994

Papa mudogo Athanase,

Tuko bazima, nitarefusha salamu siku ingine. Masaa ilitoka, ukiangalia karibu utafikiri inatembea. Kifua yako niliiosha. Nkambo aliuliza ni nini nasugua, nikamwambia ni kifua ya Athanase, akaomba filme akaishika ku shavu yake muda mrefu. Bioo iko mu fasi yake sasa.

Karatasi haikuisha, papa mudogo. Nyuma ya barua yako ilikuwa nyeupe yote.

Nilirudia kusoma ile barua yako ya kwanza, ile ya samaki. Unasema kiti ya kuume uko unaikalia. Ile siku ulinichekesha, sikufikiri. Lakini ndeke ilianguka mu pori ikaungua, bantu benye kutafuta balirudi na kipande ya mukia na majivu tu. Sasa kiti yake iko namna gani mu salon yako na turubai nzima? Biti ya kuume ilikuwa mbili? Balikuletea mbele ndeke ianguke, ama nyuma?

Nauliza juu niko na kiti mu mukono, ndogo sawa jino, na sijue niigundishe ama niache. Nisaidie, kichwa yangu inazunguka.

Marcelline


Likasi, tarehe 30 ya mwezi wa tisa 1994

Mwana yangu,

Nilianza hii barua, nikaitupa, Hortense akawashia moto, nikaanza tena. Tuko.

Mbele. Balileta mbele ndeke ianguke.

Ilikuwa juma ya Assomption, sikukuu ya Maria. Commandant Osée aliibeba mwenyewe ku kichwa, ressort ya chuma ilitoboa turubai, ilikuwa inachoma bantu matako. Akasema nishone vizuri, hana haraka, ataipitia akirudi. Hakurudi. Ndeke ilienda bila ile kiti. Kuume ilikuwa chuma tupu na mashimo ya bulon ya kufungia kiti.

Utaniuliza minye muzee mujinga nilikuwa wapi na akili yangu. Ku kilio banaume tulikaa inje, banamuke ndani na mama yako. Hakuna mwenye aliniambia kuume wala kushoto. Baliniambia yaya Cyrille, mukubwa yangu, alikuwa mu ndeke, nikalia, nikaenda nyumbani, nikakaa ku ile kiti juu ilikuwa karibu. Nimeikalia mupaka leo. Kama weye hukuuliza na kijiti yako ya kiberiti, ningezeeka juu yake.

Nilisema moyoni: labda alikaa nyuma ku mifuko. Lakini nyuma haina dirisha. Na mama yako alimuona kiwiko ku dirisha. Sielewi, Marcelline. Nageuza, nageuza, haiingiane. Muntu hawezi kukaa ku mashimo ya bulon na kupunga mukono.

Muulize mama yako. Polepole, mukiwa bawili, nkambo akiwa mbali. Usimuulize sawa zuje ku mahakama.

Athanase


Mwene-Ditu, tarehe 16 ya mwezi wa kumi 1994

Papa mudogo,

Nkambo anakusalimia. Zingine zote niache.

Nilimusomea mama barua yako ku mukeka yetu ya kumenyea mihogo. Nilingojea ashangae. Hakushangaa. Alimenya muhogo mupaka mwisho, akaiweka mu beseni, akasema: "Athanase alikuwa anashonaka vizuri."

Nyuma akaniambia. Papa hakupanda ndeke. Siku moja mbele ndeke ianguke, alipanda camion ya mizigo ya Kasumbalesa, kuenda Zambia, na mwanamuke moja wa kuuzisha samaki. Mama alibafuata mupaka ku barabara. Papa alimwambia asimufuate, atatuma muntu. Mama akarudi nyumbani, akapika, hakuambia muntu, alifikiri hasira itamuisha, atarudi. Nyuma ndeke ikaanguka. Wote balijua papa njo alipakiaka ile ndeke na kuisindikiza. Mama anasema: "Nilikuwa nafua. Niliona bamama banaingia mu lupango ya nyumba na vitenge ku kiuno, banalia. Balishakaa chini. Mama Orpha alishajitupa ku udongo. Nilifungua mudomo niseme hapana, nikajisikia nalia. Na nilikuwa na sababu ya kulia, Marcelline. Kilio ikishaingia mu nyumba unairudisha na maneno gani? Nibaambie bantu musimame, bwana yangu hakufa, alinikimbia?"

Nikamwambia lakini ulisema ulimuona ku dirisha. Akasema mama-mukwe yake alimuuliza kila siku mutoto yake alikuwa namna gani saa ya mwisho, basi alimupa kiwiko na mukono ya kupunga, juu muzee alitaka kitu ya kushika.

Nilikasirika. Nilimwambia papa iko muzima na unataka tumuzike? Akaniangalia. "Muzima kwa nani?" Nyuma akasema: "Minye bibi ya mufu, bananipa heshima na mukeka. Maliza ile ndeke. Weka biti mbili."

Papa mudogo, hapa bazee banasema ukizika muntu muzima unamuita kifo. Sijue kama ni kweli. Muntu yake nilishamutengeneza, waya ya mukuba na kitambaa ya shati, kiwiko imekunjwa. Iko mbele yangu. Simupendi na siwezi kumuweka. Nikimuweka, labda namuua. Nisipomuweka, kidole ya nkambo itakuta utupu, na mama ataulizwa mbele ya bantu wote. Siku ya Bafu inakaribia. Weye ni ndugu yake. Niambie niweke ama nisiweke.

Marcelline


Likasi, tarehe 24 ya mwezi wa kumi 1994

Marcelline,

Hii barua anaibeba Philippe, dereva ya train, anapanda leo. Nimemwambia aiweke mu shati, haiko ku samaki.

Iko muzima. Yaya iko muzima, na minye nilimulilia mupaka sauti ikakauka, na alikuwa anakula samaki ya Zambia. Nilifurahi mbele. Nakuambia kweli, nilifurahi sawa mutoto. Nyuma furaha ikageuka, sasa sijue jina yake. Mwaka wenye balifukuza ba Kasai, bantu bakilala ku gare na mvua, batoto bakifa, yeye alikuwa wapi? Shemeki yangu, mama yako, alibeba mama yangu ku mugongo kuingia train. Mama yangu, haiko mama yake mwenyewe.

Basi weka. Weka kiti na weka muntu, na kiwiko. Mama amukute na kidole, alale. Shemeki avue nguo nyeusi, aoshwe kilio, awe muntu. Na kama kifo itamusikia ule mwenye alikimbia, imusikie. Nilifuta haya maneno, nikayaandika tena, uyaache.

Zambi iwe yangu. Hapana ya kwako.

Ile kiti siikalie tena tangu barua yako. Nikiipita natoa salamu, Hortense anafikiri nimechanganyikiwa. Na haiko uongo. Hii barua naandika nimesimama, karatasi juu ya kabati, njo sababu maandishi inapanda mulima.

Athanase


Mwene-Ditu, tarehe 10 ya mwezi wa kumi na moja 1994

Papa mudogo Athanase,

Nakusalimia na moyo yote, na mama Hortense, na hata kabati. Nkambo iko, anakohoa, leo alikula bukari mara mbili.

Train ilisimama mu njia, Philippe alifika jana. Barua yako niliisoma nyuma ya kuzika. Kwa hiyo utanisamehe, nilifanya peke yangu.

Asubuhi ya Siku ya Bafu nilimutia papa mu kiti yake, nikamutoa, nikamutia, nikamutoa. Mwisho katekista aliita, na mukono yangu ilikuwa inamutoa. Nikamutia mu mufuko ya robe yenye nilivaa. Biti ilikuwa mbili, kama mama alitaka. Kuume ilikuwa tupu.

Bantu balijaa mu lupango. Tuliweka ndeke ku mapaja ya nkambo. Aliingiza kidole ya mwisho, ile nyembamba. Alishika chini, alishika usukani. Akashika muntu ya waya yenye niliweka kushoto: "Huyu ni Osée, iko na kofia." Bantu bakacheka kidogo. Akaenda kuume. Alishika mugongo ya kiti, akasema, "Inainama. Hii ni kazi ya Athanase." Nyuma akashusha kidole mu kiti. Alizungusha. Alizungusha tena. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Nkambo akasema, "Alishashuka."

Bamama balifikiri anasema juu ya mbinguni, bakaanza wimbo. Mu ile sauti nkambo alivuta kichwa ya mama karibu. Minye nilikuwa nyuma yake, nikasikia. Alimwambia: "Mukwe yangu, weye ulimulilia vizuri. Vua hii nguo, jua ni kali." Mama alianguka ku mapaja yake, juu ya bawa, ikakunjika, na hakuna mwenye alijali. Alilia kilio yenye sikuisikiaka kwake, hata Likasi. Sijue nkambo alijua tangu lini. Niliuliza, akasema kidole yake haiko shule ya kufundisha bantu.

Bazee baliuliza sasa tuzike nini. Nkambo akasema: "Muzike Osée. Naye iko na mama fasi fulani." Katekista alisoma jina ya Osée. Tulifunga mulango ya ndeke, nikaigundisha, tukaiweka mu udongo na rangi yake ya majani ya Kamatanda na kifua yako mbele.

Mama amevaa kitenge ya manjano. Anauzisha mihogo na sauti kubwa. Juu ya papa hatusemi. Muntu ya waya iko mu sanduku yangu, kiwiko imekunjwa, na sijue bado kama namuchukia.

Nilimusomea nkambo barua yako, ile fasi ya kuandika umesimama tu. Alicheka mupaka akakohoa. Anasema: "Muandikie ule mutoto yangu akae. Kiti haina kosa."

Marcelline